Breka Namba Sita

Jumapili, 2 Agosti

Kesho kiwanda kinazimwa. Siku sita za matengenezo, mara moja kwa mwaka, halafu karatasi zianze tena kutoka. Safari hii chumba cha swichi ni changu. Miaka kumi na mmoja ya kufungua na kufunga mota, ndiyo kwanza napewa breka.

Si kwamba nimepandishwa cheo. Mjomba kafanyiwa upasuaji wa ngiri na daktari kamkataza kuinua hata ndoo. Yeye ndiye fomeni wetu wa umeme, na miaka mitatu mfululizo kazi ya chumba kile hakumwachia mtu. Sisi wengine alitutawanya kwenye mota na pampu. "Huku niachieni mwenyewe." Tukachukulia ni wivu wa fundi na kazi yake, tukamwachia.

Mama amefurahi kuliko mimi. Kampigia kaka yake simu kumshukuru — umemlea, umemfundisha, sasa umempa na funguo. Sijui Mjomba alijibu nini, jibu lilikuwa fupi. Mama kaweka simu chini, kasema kaka yake hana sauti siku hizi.

Binti yangu kauliza breka ni nini hasa. Nikamwambia ni mlinzi: umeme ukizidi, anakata njia kabla waya hazijaungua na watu hawajaumia. Kauliza, na akisinzia je? Nikamwambia amalize chakula chake.


Jumatatu, 3 Agosti

Saa moja kamili kila kitu kikanyamaza. Mtu akizoea mngurumo wa mashine, kimya kinamuumiza masikio.

Breka ziko kumi na mbili, zimepangwa safu mbili ndani ya makabati ya chuma, kila moja ukubwa wa jokofu dogo. Ziko juu ya reli, unazivuta nje kama droo. Ukiivuta nje imejitenga na umeme, unaweza kuifungua, kuisafisha, kuipima. Ukiisukuma ndani, iko kazini. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kufuli: kila fundi ana kufuli lake na ufunguo mmoja tu, analifunga pale anapofanyia kazi, ananing'iniza kadi nyekundu yenye jina lake. Hakuna anayeruhusiwa kulifungua ila yeye.

Niko na Spana. Anaitwa hivyo kwa sababu siku yake ya harusi alikutwa na spana kwenye mfuko wa suti. Mwenyewe anasema ni uongo, ilikuwa bisibisi.

Leo tumefagia na kufyonza vumbi tu. Vumbi la karatasi, jeupe, laini, limetanda kila mahali. Limetanda hata juu ya reli. Nilipitisha kidole, kikaacha mfereji. Spana akatazama mfereji, akanitazama mimi, akaendelea kufyonza.

Mjomba alikuja saa nne kutuletea karatasi za vipimo vya miaka iliyopita. Alisimama mlangoni. Nikamkaribisha ndani aone tulivyoanza. Akasema mshono unamvuta. Mshono uko tumboni, na kutoka ofisini hadi pale ni ngazi ishirini na tatu. Alizipanda zote, akashindwa hatua mbili za sakafu tambarare.


Jumanne, 4 Agosti

Namba moja hadi tano tayari. Nzito kidogo, ila zinafanya kazi.

Niandike utaratibu nisije nikausahau. Kwanza macho: nyufa, kutu, alama za kuungua. Kisha mkono: unaishikisha na kuiachisha. Ikishika — paa! — umeme unaweza kupita. Ikiachia — paa! — njia imekatika. Kisha mwisho, kipimo chenyewe. Tunaunganisha mashine ya kupimia, tunaipitishia breka mkondo mkubwa kuliko inaoruhusiwa, makusudi, tuone itaachia baada ya sekunde ngapi. Spana anashika saa. Namba tatu iliachia kwa sekunde kumi na moja. Kitabu kinasema isizidi kumi na tano. Raha.

Sasa hili.

Kila breka ina kidirisha kidogo chenye tarakimu. Kila ikiachia, tarakimu inaongezeka moja. Hakuna mtu anayeweza kuirudisha nyuma. Kwenye karatasi za vipimo kuna mstari wa kuandika tarakimu hiyo. Namba tano: miaka minne iliyopita imeandikwa 214. Mwaka uliofuata 224. Kisha 234. Mwaka jana 244. Sahihi ya Mjomba, mara tatu, kwa ule mwandiko wake mzuri uliolala.

Kidirishani leo asubuhi, kabla hatujaigusa: 214.

Nikarudia namba nne. Nikarudia zote kumi na mbili. Ukitoa vipimo vyetu vya leo, zote zimesimama pale zilipokuwa miaka minne iliyopita; namba tisa, iliyobadilishwa baadaye, haijasogea tangu ifike.

Spana alikuwa nyuma yangu. Akakitazama kidirisha, akapangusa mikono. Halafu akasema, "Dada, mimi sijaona." Nikamwambia ameona. Akasema, "Ndiyo. Lakini mpaka wewe uamue, sijaona."


Jumatano, 5 Agosti

Namba sita.

Hii ndiyo inayolisha mashine namba mbili, ile kubwa ya kukausha na kukata. Watu thelathini na wawili kwa zamu. Mke wa Spana ni mmoja wao, anasimama hatua kumi kutoka kwenye mota kubwa.

Tuliipitishia mkondo saa tatu na nusu. Spana akahesabu kwa sauti. Kumi. Kumi na tano. Ishirini. Nikamwangalia usoni kuona kama anatania. Thelathini. Waya za kupimia zilianza kupata joto, nikasikia ile harufu. Arubaini na moja — nikazima mwenyewe.

Taa nyekundu ya breka ilikuwa inawaka. Maana yake ubongo wake ulijua kabisa umeme umezidi, ukatoa amri ya kukata. Mwili haukutii.

Nikabonyeza kitufe cha kuachishia kwa mkono. Haikutikisika. Nikabonyeza kwa mpini wa nyundo, kwa nguvu. Ikaachia kwa kishindo kilichomfanya Spana aruke nyuma hadi ukutani. Tukacheka kidogo, kicheko kibaya.

Tulipofungua ubavu tuliona. Grisi imegeuka gundi. Kahawia, ngumu, nimeikwangua kwa ukucha ikatoka vipande. Komeo linalopaswa kuruka limenata ndani yake. Grisi ya namna hii haikauki kwa mwaka mmoja.

Tukasafisha, tukatia mafuta ya kulainishia, tukapima tena. Sekunde kumi na mbili. Tena, kumi na moja. Tena, kumi na mbili. Spana akaanza kupiga mluzi. Tukapima tena — ikagoma. Taa inawaka, breka imeshika tu. Baada ya hapo ikaachia vizuri mara tano, ikagoma tena.

Hilo linanitisha kuliko ingekufa kabisa. Breka iliyokufa kila mtu anaijua. Hii itasimama pale, imepakwa rangi, ina stika ya "imepimwa", na siku mota itakapoungua itaamua yenyewe.

Imelika upande wa komeo. Kusafisha hakutoshi, inahitaji mtambo mpya wa ndani. Nimeandika kwenye karatasi: HAIFAI. Herufi kubwa.

Sijamwambia Mama chochote. Kaniuliza kwa nini nakula kwa kijiko wakati siku zote nakula kwa mkono. Nikatazama, kweli nina kijiko.


Alhamisi, 6 Agosti

Meneja kasoma karatasi yangu akiwa amesimama. Si mtu mbaya. Aliniuliza maswali ya maana: stoo ipo nyingine? Hakuna. Inachukua muda gani kuletwa? Wiki tano. Mashine namba mbili inaweza kulishwa na breka nyingine? Hapana, zilizobaki ni ndogo.

Akauliza, jumla mmepima mara ngapi, na imegoma mara ngapi. Nikamwambia: kumi na moja, imegoma tatu.

"Kwa hiyo nane imefaulu."

"Bosi, mlinzi akilala siku tatu kati ya kumi na moja..."

"Nimekuelewa. Na mimi unielewe. Wiki tano watu wale wanakaa nyumbani. Shule zinafunguliwa, madaftari yameshaagizwa. Mwaka jana ilifaulu. Juzi ilikuwa inafanya kazi."

Mwaka jana ilifaulu. Nikaona karatasi ya mwaka jana pale mezani kwake, na sahihi iliyolala. Ningeweza kusema pale pale. Mdomo ulifunguka kabisa. Nikasema tu kwamba mimi nimeandika nilichokiona.

Akasema vizuri, fomeni ndiye mwenye neno la mwisho, atamwachia fomeni.

Spana nilimkuta ngazini. Alikuwa amesikia. Akasema tangu jana anashindwa kuzungumza na mkewe, maana hajui amwambie nini: aombe kazi iendelee au aombe isimame. Nikamwambia aombe tu mashine ikatae mbele ya meneja. Akasema mashine hazina adabu hiyo.


Ijumaa, 7 Agosti

Nina mengi. Naandika polepole.

Asubuhi Spana kaniletea habari: kesho saa sita namba sita inarudishwa ndani, saa nane mashine zinawashwa zote. Nikaenda moja kwa moja chumba cha swichi. Breka ilikuwa bado nje kwenye reli. Nikafunga kufuli langu kwenye reli pale mbele, isiweze kusukumwa. Kadi nyekundu, jina langu, tarehe. Nikatia ufunguo kwenye soksi. Sijui kwa nini soksi.

Kanuni inasema hivi, imebandikwa ukutani: mwenye kufuli akiwa ndani ya kiwanda, hakuna wa kuligusa. Akiwa nje ya kiwanda, fomeni anaweza kuruhusu likatwe, kwa sahihi yake. Fomeni peke yake.

Kwa hiyo baada ya kazi, saa kumi, nikaenda kwa Mjomba.

Nyumba yao ni ile ile, viti vile vile vyenye vitambaa. Cheti chake ukutani, kile cha ushujaa, kwenye fremu. Miaka mitatu iliyopita breka namba tisa ya zamani ililipuka moto usoni mwa fundi mwenzake. Kila mtu kiwandani anaijua habari hiyo: Mjomba aliingia kwenye moshi, akamtoa mwenzake mgongoni. Mwenzake alipona, ila uso ulibaki na makovu, na hakurudi kazini. Sasa anatengeneza redio nyumbani kwake. Mimi siku ile nilikuwa pampu za upande wa pili. Habari hiyo nimewahi kuisimulia mwenyewe, kwa majivuno, kwa wageni.

Mke wa Mjomba akaleta chai, akaona nyuso zetu, akakumbuka kwamba ana nguo za kuanua.

Sikuzunguka. Nikaweka mezani karatasi nne za namba sita, na picha ya kidirisha niliyopiga kwa simu. Akavaa miwani. Akatazama muda mrefu mno kwa tarakimu tatu.

"Umemwonyesha nani?"

"Spana kaona. Hajaona."

Akatikisa kichwa kidogo. Akavua miwani. Nikangoja anikaripie. Ningependa anikaripie — ningejua pa kushika.

"Unajua ngazi ni ishirini na tatu," akasema. "Miaka mitatu nazipanda. Nafika mlangoni na begi la vifaa. Napumua. Halafu nateremka naenda ofisini, najaza karatasi. Mwaka wa kwanza nilijiambia, mwakani. Mwaka wa pili hata begi sikubeba."

Nikamwambia, Mjomba, mtu aliyeona moto ule ana haki ya kuogopa. Ungesema tu. Ungetutuma sisi.

"Ningesemaje? Mtu aliyeingia kwenye moshi anaogopa chumba kitupu?"

Kisha akaniambia. Nayaandika kama alivyoyasema, kwa sababu najua kesho nitataka kuyapunguza.

"Sikumtoa. Alitoka mwenyewe, anatambaa. Mimi nilikuwa nimeshakimbia, niko nje kwenye mabomba natapika. Nikamkuta mlangoni, nikamwinua, na hapo ndipo watu wakatokea. Wakaona nimembeba. Nilitaka kusema. Siku ya kwanza nilitaka kabisa. Halafu wakaleta cheti."

Alikuwa ameshika kikombe, hanywi.

"Na mwenzako anajua?"

"Anajua. Hajawahi kusema. Kila nikienda kumtembelea ananitengea kiti kizuri." Akaweka kikombe chini. "Ndiyo maana siendi."

Huyu ndiye aliyenishika mkono nikiwa na miaka tisa, baba ameshaondoka, akanionyesha namna ya kuvua ganda la waya bila kuukata waya. Nilitaka kumkumbatia, na nilitaka kumpiga. Vyote viwili, kwa mikono ile ile.

Nikauliza nililokuja kuuliza. Kesho watakuletea karatasi ya kukata kufuli langu. Utasaini?

"Nikisema breka ni mbovu, wataniuliza mwaka jana nilipima nini. Nimebakiza miezi mitano, mwanangu."

"Na watu thelathini na wawili?"

"Usinihesabie watu. Nimewaajiri nusu yao."

Basi. Akatazama dirishani. Mkewe alikuwa ameshika shuka lile lile muda wote, hajalikunja.

Nimefika nyumbani kabla jua halijazama, na Mjomba alikuwa ameshapiga simu. Sijui kamwambia Mama nini, ila Mama alikuwa amesimama jikoni bila kupika. "Umekwenda kumhoji kaka yangu kama askari." Nikamwambia nimekwenda kumuuliza swali moja. Akasema kuna maswali mtu hamuulizi aliyemlipia... akakatiza mwenyewe. Tumekula kila mtu na sahani yake. Binti yangu anatutazama kwa zamu.


Jumamosi, 8 Agosti

Naandikia nje ya geti. Nimekaa kwenye tofali, daftari gotini. Saa saba na dakika kumi na tano.

Asubuhi niliingia kazini kama kawaida. Nilikagua kufuli, lipo. Saa tano mlinzi wa geti kanifuata — mtu mzima, tunasalimiana kila siku miaka yote — hanitazami usoni. Kapewa maagizo nipumzike nyumbani leo, kazi yangu imekamilika, meneja anashukuru. Nikamwambia sijachoka. Akasema, "Dada yangu, usinifanye nikushike mkono." Sikumfanya. Nilitoka kwa miguu yangu. Spana alikuwa juu ya ngazi, ameshika kofia.

Kwa hiyo sasa niko nje ya kiwanda. Kama kanuni inavyotaka.

Nilimpigia Mjomba mara mbili. Hakupokea. Mama pia nilimpigia, sijui nilitaka nini. Akasema kaka yake ametoka nyumbani asubuhi na mapema na hakunywa chai. Kisha akauliza, "Hicho chombo kweli kinaweza kuua?" Nikasema ndiyo, Mama. Hakukata simu. Tulikaa hivyo dakika nzima.

Saa saba na nusu. Ukuta wa chumba cha swichi uko upande huu wa barabara. Kuna matundu ya hewa juu. Kupitia uzio naona ngazi na mlango. Meneja ndiyo kwanza amepanda na kabrasha, saa moja na nusu baada ya muda waliopanga. Nyuma yake fundi mmoja na mkasi mrefu wa kukatia vyuma. Wamesimama kwenye baraza.

Mjomba anapanda. Anapanda kwa shida, ameshika tumbo. Wanamngoja. Meneja anampa karatasi na kalamu.

Ameipokea.

Sioni anachofanya, amenipa mgongo.

Saa saba na dakika thelathini na nane. Wanazungumza. Meneja anaonyesha saa yake. Mjomba amekunja ile karatasi, ametia mfuko wa shati. Sijui imesainiwa au haijasainiwa. Sasa anazungumza na Spana, Spana anateremka mbio, anarudi, amebeba — hapana. Ndiyo. Amebeba mashine ya kupimia.

Mjomba yuko mlangoni. Ameshika fremu ya mlango kwa mkono wa kushoto. Naona bega lake linapanda na kushuka. Meneja anasema kitu, hageuki. Amesimama pale muda mrefu kiasi kwamba mlinzi ametoka kibandani kwake, akaja kusimama karibu nami, naye anatazama. Hajaniuliza kwa nini bado nipo.

Ameingia.

Ameingia na Spana, na amemwashiria meneja aingie naye. Meneja anasita. Ameingia. Mlango uko wazi.

Sijawahi maishani mwangu kuomba breka igome. Najua inaweza kufaulu. Inafaulu mara nyingi kuliko inavyogoma. Ikifaulu mbele yao, wote watatu, sina neno tena, na mkasi uko pale nje umeegemezwa ukutani.

Saa saba na dakika hamsini. Paa. Nimeisikia hadi huku. Imeshika. Sekunde kumi na mbili. Paa. Imeachia.

Paa. Nahesabu kwa vidole. Kumi na moja. Imeachia.

Mlinzi anauliza hizo ni risasi au nini. Nimemwambia ni kipimo. Anauliza ni nani anapima. Nikasema Mjomba wangu.

Paa. Imeshika. Tano. Tisa. Kumi na mbili. Kumi na sita. Lori limepita, sikusikia vizuri. Limeshapita. Kupitia matundu ya hewa namsikia Spana bado anahesabu kwa sauti: thelathini. Mlinzi ameniuliza kitu, nimemwinulia mkono anyamaze. Bado imeshika. Sijasikia ikiachia.